Ngozi Mbichi Kwenye Springi

Molo, Jumapili mchana

Mwanangu Chebet,

Wewe na mama yako mmekwenda ng'ambo ya mto kuwaaga shangazi zako, na jinsi ninavyowajua shangazi zako, chai haitakwisha kabla ya ng'ombe kurudi. Nami nimepata nafasi yangu. Nimeketi bandani kwenye ngazi ya lori, daftari liko gotini, na kalamu ni ile uliyoniachia ukisema wino wake umekaribia kwisha. Maneno yakikatika katikati, jilaumu mwenyewe.

Naandika kwa Kiswahili kwa sababu jeshini ndiko nilikofundishwa kuandika, na huko hakuna aliyejua Kikipsigis isipokuwa sisi tuliokuwa tukitukanana nacho. Tena yako mambo ambayo mtu huyasema kwa urahisi zaidi kwa lugha ambayo hakubembelezewa nayo. Usicheke.

Habari ya blanketi, ya sabuni, ya nani wa kufuatana naye huko Nairobi na nani wa kumkimbia, mama yako ameisema wiki nzima, na mengine kayasema mara tatu. Mimi sina la kuongeza. Ninachotaka kukuambia ni habari ya springi mbili. Moja ni ya Jumanne iliyopita, nayo unaijua. Nyingine ni ya miaka saba iliyopita, nayo unadhani unaijua.

Nianze na ya Jumanne, maana ndiyo tamu.

Nilikuwa natoka stesheni na mikebe mitupu ya maziwa. Kuvuka tu kile kidaraja cha magogo, nikasikia mlio chini yangu, kama tawi kavu limekanyagwa. Kuchungulia, jani kuu la springi ya nyuma, upande wa kushoto, limekatika. Unajua springi ya lori ilivyo: vipande virefu vya chuma vimelaliana, kirefu juu, kifupi chini, tunaviita majani, na katikati vimeshonwa na bolti moja. Jani kuu likikatika, lori hulala upande mmoja kama mzee aliyeketi kwenye kigoda kibovu. Bwana Kiko, Mzungu wetu mwenye shamba, akatuma springi mpya iletwe kutoka Nakuru, na mchana tukaanza kazi. Wewe ukaja bandani kunipa spana. Ulisema umechoka kuagwa.

Nilipiga jeki, nikaweka gogo chini ya fremu, nikaitoa ile mbovu. Wanaume wanne wa kukamua walinisaidia kuinua mpya, nzito kama ndama aliyegoma. Nikaikalisha juu ya ekseli, nikapitisha yale makongoro mawili ya chuma, bolti zilizopindwa zinazoikumbatia, nikakaza nati zake nne hadi mishipa ikanitoka shingoni. Bwana Kiko alikuwa amesimama pale mlangoni, kiko mdomoni, anatazama saa, kwa sababu maziwa ya jioni hayangojei mtu. Nikasimama, nikajifuta mikono, nikasema kwa sauti ya mtu aliyemaliza, "Tayari. Shusheni."

Wewe ukasema, "Baba, ngoja kidogo."

Ulikuwa umepitisha mkono kati ya springi na ekseli, umefumba macho, kama unatafuta sindano iliyoanguka ndani ya godoro. Ukasema, "Kichwa cha bolti hakijaingia kwenye tundu lake."

Kichwa cha ile bolti ya katikati lazima kizame ndani ya tundu lililo juu ya ekseli. Kisipozama, kila kitu huonekana kimekaza, nati zinang'aa, mwenye lori anaridhika, lakini ukipakia mzigo na kushuka mteremko, ekseli hujivuta nyuma na lori likatembea kombo kama mbwa. Hapo ni bahati yako kama mtaro ni mfupi. Jambo hili nililijua kabla hujazaliwa. Siku hiyo sikulitazama tu.

Nilikasirika, Chebet. Nilikasirika hata masikio yakapata moto. Watu wanne wanasikia, Bwana anasikia, na msichana aliyekuja kupumzika kuagwa ananiambia kazi yangu. Nikakuuliza, "Nani fundi hapa?"

Ukanitazama. Mkono wako haukutoka pale. "Fundi ni wewe, Baba," ukasema. "Lakini hakijaingia."

Nikapiga magoti. Nikatia kidole changu pale palipokuwa chako, nikakigusa kichwa cha bolti kimekaa pembeni ya tundu lake, kimejiegemeza tu kama mgeni asiyekaribishwa. Nikainuka nikasema, "Amesema kweli. Pigeni jeki, tufungue." Bwana Kiko akatoa kiko mdomoni akasema, "Bett, hii msichana najua kazi kushinda wewe." Nikamjibu, "Ndiyo, Bwana. Mimi ndio nilimzaa."

Nimeendesha magari tangu vita vya kule Burma. Nimesifiwa na makapteni, na mara moja na jenerali aliyekuwa amelewa. Hakuna sifa iliyowahi kunijaza kifua kama lile neno lako la Jumanne. Hukupiga kelele, wala hukunidharau. Uliniita fundi, ukanipa heshima yangu yote, halafu ukakataa kuuondoa mkono. Sijui ulijifunza wapi. Kwangu hukujifunza.

Unajua walivyofanya wale wa kukamua? Sasa hapa shambani hakuna anayemaliza kazi bila kuulizwa. Mpishi wa Bwana akisema chai iko tayari, wanamwambia, "Angalia vizuri, pengine haijaingia." Leo asubuhi hata mhubiri aliposema amina ndefu, nilisikia mtu nyuma yangu akinong'ona, "Imeingia." Utakwenda Nairobi, lakini neno lako limebaki Molo linakula mshahara.

Na yule mzee jirani yetu, ambaye sitamtaja kwa sababu ni rafiki yangu na ana ng'ombe wazuri, aliniuliza juzi kwa nini namtoa binti mwenye afya kwenda kuosha vidonda vya watu asiowajua, badala ya kumwoza. Nikamwambia, "Siku utakayolazwa, ukiona wauguzi wawili, mmoja anayeogopa wakubwa na mwingine Chebet wangu, utanyooshea nani kidole?" Akasema, "Chebet." Kwa hiyo nenda, mama. Hata maadui zako wamekupigia kura.

Sasa nije kwa lile lililonifanya nikalala njaa. Jioni ya Jumanne uliniletea mursik, maziwa yetu ya mgando, kwenye kibuyu changu, nikakuambia sina hamu. Ulidhani nimekununia. Mama yako naye alidhani hivyo, akakutetea kwa maneno makali hata kabla sijafungua mdomo. Hapana. Sikuwa nimekununia. Nilikuwa nimelisikia swali langu, "Nani fundi hapa?", na nikakumbuka kwamba niliwahi kumwambia mtu mwingine neno kama hilo, bila kupiga magoti kutazama.

Unamkumbuka Wekesa. Ulikuwa na miaka kumi na mmoja alipoondoka. Mbukusu, mrefu, mwenye kicheko kilichosikika hadi zizini. Alikuwa tanboi wangu: alipakia, alipakua, aliweka jiwe nyuma ya gurudumu tukisimama kilimani, na safarini alikaa nyuma juu ya magunia. Akiona jambo, aligonga bati la kebini kwa kiganja mara tatu, nami nikasimama. Wewe ulimwita Baba Mdogo, na alikubebea mahindi ya kuchoma kutoka Molo mjini ndani ya mfuko wa koti.

Mwaka ule, kabla ya hali ya hatari kutangazwa, jani kuu la springi lilikatika njiani mwezi wa Januari. Tuko mbali na kila kitu, jua linawaka, lori limejaa pareto. Mimi ni mtoto wa wafugaji. Baba yangu alishona na kufunga kila kitu kwa ngozi mbichi: mpini wa shoka, kigoda kilichopasuka, ala ya simi. Ngozi mbichi ukiiloweka, ukaikata mikanda, ukaizungusha na kuivuta kwa meno, ikikauka hushika kama koleo. Tukanunua ngozi kwenye boma la karibu, nikavifunga vipande viwili vya lile jani mkanda juu ya mkanda, tukakaa chini ya mti hadi ikakauka. Tulifika Molo na mzigo wote, hakuna hata ua moja la pareto lililoanguka.

Nilipewa jina. Daktari wa Springi. Madereva wa mashamba mengine walikuja kuinama na kutazama. Bwana Kiko aliuliza, "Sasa mimi nanunua springi mpya?" Nikamwambia, mimi mwenyewe, kwa kinywa changu, "Hapana, Bwana. Hii ngozi ni chuma." Alifurahi sana. Nami nikafurahi kuliko yeye.

Halafu mvua ikaja.

Chebet, hakuna mtoto wa Kikipsigis asiyejua ngozi mbichi hufanya nini ikilowa. Hata mbwa anajua, ndiyo maana huiiba siku ya mvua. Ilikaza kwa sababu ya jua, na Molo baada ya Machi jua ni kama mgeni wa serikali, hupita akiwa ndani ya gari. Kila siku ile springi ilirushiwa matope na maji. Nilikuwa nikipita karibu nayo kila asubuhi bila kuitia mkono. Ningeigusa mara moja tu ningejua. Lakini mtu akishaitwa daktari huanza kumtibu mgonjwa kwa kumtazama akiwa mlangoni.

Siku yenyewe ilikuwa ya soko. Mama yako alikuwa na kabichi zake, akapanda nyuma. Wekesa alitoka chini ya lori akijifuta tope, akaniambia, "Dereva, hii ngozi imelegea. Nimebonyeza, kidole inaingia."

Nikamwambia, "Wewe kazi yako ni gunia. Springi wachia mwenyewe."

Akacheka kidogo, si kile kicheko chake. "Haya, Daktari," akasema, akapanda.

Tulipoanza kuteremka kuelekea mtoni, aligonga bati mara tatu. Nikasikia. Nilidhani anataka kunionyesha ile ngozi tena, mbele ya mama yako na wanawake wa sokoni, nionekane mjinga. Sikusimama. Akagonga tena mara tatu, kwa nguvu. Nikakanyaga mafuta. Kwenye kona ya chini ekseli ikajivuta, usukani ukawa hauniambii kitu, na lori likalala ubavu mtaroni pamoja na magunia ya viazi na watu.

Wengine walitoka na michubuko. Mama yako alikuwa chini ya magunia manne, na nyonga ndiyo iliyovunjika. Kila unapomwona akipanda kilima akijisukuma kwa mkono juu ya paja, ndiyo siku hiyo. Hadi hapa unajua, ila umeambiwa ni utelezi na mzigo kupita kiasi. Lililobaki hulijui.

Nilitoka kebini bila hata mkwaruzo. Wekesa alikuwa ameshayatupa magunia, amempakata mama yako, amemfunika na koti lake, anamwambia, "Mama Chebet, nitazame mimi, usitazame mguu." Nami nikaona Land Rover ya Bwana Kiko inateremka kutoka juu. Gurudumu la nyuma lilikuwa hewani, na ile ngozi ilikuwa imening'inia kwenye springi kama utumbo wa mbuzi, kila mtu angeiona. Nikachomoa kisu. Mke wangu analia pale, hatua kumi, mikononi mwa mtu mwingine, na mimi nikapiga magoti kwenye springi nikakata ngozi. Nilikata mikanda yote, nikaikusanya, nikaitupa nyasini ng'ambo ya mtaro. Ndipo nikaenda kwa mama yako.

Bwana Kiko alifika akauliza, "Kwa nini hii gari naanguka?" Nikasema, "Ni magunia, Bwana. Wekesa aliongeza magunia bila kuniuliza."

Wekesa aliinua uso. Alikuwa bado amemshika mama yako kichwa. Akasema, "Bett." Hilo tu. Alikuwa anangoja nijirekebishe, kama mtu anayemngoja mwenzake arudie wimbo alioukosea. Sikurudia.

Alifukuzwa siku hiyo hiyo. Asubuhi iliyofuata alipita mbele ya nyumba yetu na mkewe, wamebeba godoro na sufuria, na wewe ukakimbia kumuaga, nikakuita urudi. Shamba lake dogo nyuma ya kambi ya wafanyakazi alikuwa hajalivuna. Viazi vilikuwa tayari. Mama yako yuko hospitali Nakuru, nyumbani hakuna kitu, nami nikachukua jembe nikaenda kuvichimba. Tulivila, Chebet, wewe na mimi. Ulisema ni vitamu kuliko vyetu. Nilikuambia ni kwa sababu ya udongo.

Miaka saba nimejipa visingizio. Kwanza nilisema nitamtafuta Wekesa mama yako akipona. Halafu hali ya hatari ikaja, vizuizi kila mahali, vibali, na wale wahunzi wa kijijini wakawa wanashikwa wakipatikana na jani la springi, kwamba wanafua simi. Nikasema, huu si wakati wa kuuliza-uliza watu barabarani. Ni kweli, wakati ulikuwa mbaya. Lakini barabara yangu ya kwenda Nairobi ilikuwa wazi, na Wekesa hakuwa msituni. Mwaka jana nilimwona. Yuko Mai Mahiu, chini ya ule mteremko waliouchonga mateka wa Kitaliano, anaziba matairi ya malori kando ya barabara. Ana kibanda cha mabati na beseni la maji la kupimia tyubu. Nywele zimeanza mvi.

Nimepita hapo mara tatu. Mara ya kwanza sikuwa na hakika ni yeye. Mara ya pili nilikuwa na hakika, nikatazama upande wa pili. Mara ya tatu aliinua mkono akanipungia, na mpaka leo sijui kama alinipungia mimi au anapungia kila lori. Nilipiga honi nikapita.

Sasa hili la mama yako. Jumatano asubuhi, baada ya usiku wa njaa niliojipa mwenyewe, nilimfuata akikamua ng'ombe wetu. Nikamwambia yote: ngozi, kisu, magunia, viazi. Hakuacha kukamua. Akasema, "Nilikuona."

"Uliona nini?"

"Nilikuona ukikata. Wekesa aliniambia nimtazame yeye, lakini mimi nilikuwa natazama wewe. Nilikuwa nashangaa kwa nini hauji."

Nikamuuliza kwa nini amenyamaza miaka saba, na kwa nini bado hupanda lori langu kila siku ya soko. Akasema, "Napanda kwa sababu tangu siku hiyo kila asubuhi unalala kwenye tope kuangalia chini ya hiyo gari. Watu wanadhani ni bidii. Mimi najua ni nini. Mguu ni wangu, Baba Chebet, nilishakusamehe hata kabla plasta haijatoka. Lakini kazi ilikuwa ya Wekesa. Hiyo mimi siwezi kukusamehea, sio yangu."

Halafu akasema nisogee, namzuia ng'ombe asitoe maziwa.

Nimeoa vizuri. Hilo pia nilitaka uwe na maandishi yake.

Mwanangu, sitaki kukuhubiria. Mhubiri mwenye akili angeanza kwa kutubu, na mimi nimechelewa miaka saba. Lakini unakwenda kufanya kazi ambayo kosa lake halilali mtaroni, linalala kitandani na lina mama yake. Siku moja utatoa dawa ya huyu ukampa yule. Utafanya, usijidanganye, hata fundi wa majani ya springi hujikata kidole. Wazee wa Kiswahili wanasema kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi, na ni kweli. Koleo langu halikunimaliza. Kilichonimaliza ni kile kisu, ule muda mfupi baadaye ambapo nilichagua kwenda kwenye springi badala ya kwenda kwa mama yako. Ukikosea, nenda kwa mgonjwa kwanza. Kimbia kabisa, na useme kwa sauti, hata kama Bwana Kiko wa huko anateremka na gari lake.

Naye mtu wa kubeba magunia akikuambia kidole kinaingia, shuka utazame. Huko hospitali watakuwapo: mfagizi, mpishi, mama wa kitanda cha pembeni asiyejua kusoma. Watakuambia jambo ukiwa umechoka na una cheo. Najua utawasikiliza. Nilikuona Jumanne ukiwa upande wao.

Sasa nisikilize, maana kuna jambo nataka unifanyie, na sijawahi kukuomba kitu kizito hivi.

Kesho springi mpya inafanya safari yake ya kwanza ikiwa na mzigo kamili, viazi vya Nairobi. Hadi leo imebeba mikebe tu. Springi mpya hujikalia vizuri ikishakandamizwa, na hapo nati hulegea kidogo, kwa hiyo Nakuru tutasimama nizikaze upya. Nitakukabidhi spana ukaze ya nne, ili Bwana Kiko asije akasema kazi ni yangu peke yangu. Na hapo ndipo nitakapokupa barua hii. Mbele nitakaa na mama yako, kwa ajili ya nyonga yake. Wewe umesema unataka kukaa nyuma juu ya magunia uone bonde lote hadi ziwani. Vizuri. Utasoma huko juu, upepo ukikuachia karatasi.

Tukishapita Naivasha, barabara itanyooka, na baada ya muda utauona mlima wa Longonot mkono wako mmoja na ukingo wa bonde umesimama mbele. Chini ya ukingo kuna vibanda vya chai na malori yamepanga mstari. Kibanda cha Wekesa ni cha mwisho kabla ya kupanda, kina tairi kuukuu limetundikwa kwenye nguzo. Nimepanga kusimama hapo. Nimemwambia mama yako, naye ameweka kando kabichi moja kubwa na gunia la viazi, vya shamba letu. Ninajua viazi havitoshi. Nitaanza na maneno, mbele yako na mama yako. Nikishakufikisha Nairobi nitarudi Molo nimwambie Bwana Kiko, na akinifukuza, basi nimefukuzwa.

Lakini najijua. Nimepita hapo mara tatu, na mara tatu mguu wangu umekanyaga mafuta. Kesho nitakuwa na visingizio vizuri zaidi: umechelewa kuripoti, mlima ni mrefu, mzigo utaoza, si siku ya kukuharibia furaha. Mama yako hatasema neno. Ameshasema lake.

Kwa hiyo, Chebet, ukiliona lile tairi kwenye nguzo na lori halipunguzi mwendo, inuka uje mbele, ugonge bati juu ya kichwa changu. Gonga kwa kiganja, mara tatu, kama alivyokuwa akigonga yeye.

Safari hii nitasimama.

Baba yako,
Arap Bett